Bati la Ufukweni Lisishushwe Kabla ya Vuli

Mgeni rasmi, Bwana DC, wazee wetu, akina mama wa samaki, na ninyi nyote mliokosa viti: karibuni Mwigobero. Tunajua, Bwana DC, kwamba jana hukulala vizuri. Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya chai yako.

Asili ya kelele

Aliyekunyima usingizi ni bati moja jembamba, lililopigiliwa upande mmoja juu ya mlingoti, jirani na nyumba ya wageni ulimolala. Mchana upepo wa ziwani hulipinda kuelekea mjini. Usiku upepo wa nchi kavu hulirudisha kuelekea ziwani. Alilitundika mwenzetu, Fundi Twalib, ili upepo ulipime. Alilichomoa katika mabati tutakayoezekea zahanati ya kisiwa cha Rukuba, na huko Rukuba ndiko alikoolewa binti yake Mwanaupe, ambaye sasa ni mjamzito. Twalib huliota paa hilo, na mjukuu amelala chini yake.

Zamani bati tulilipimia gotini: pinda, rudisha, pinda, rudisha. Twalib akasema, "Goti lina haraka. Ziwa halinaga haraka."

Mafanikio

Tumepata baraza chini ya mlingoti. Jioni Kijakazi, muuza maandazi, humtania Twalib: "Shemeji, bendera yako hii ya nani? Inalialiaga kama mke wa mlevi."

"Ina mabwana wawili, shemeji. Wa mchana na wa usiku."

"Ndiyo maana haitulii!"

Soko zima hucheka. Kisha upepo wa ziwani huisha, na ule wa nchi kavu bado haujaamka. Bati husimama wima, kimya. Hapo hata Kijakazi huinua macho, na umbea wote wa mji hubaki mdomoni. Twalib hupanda ngazi taratibu, kama mtu aendaye usingizini, akapitisha ukucha penye misumari kutafuta ufa.

Matatizo

Tumeagizwa mlingoti ung'olewe kesho. Ufa bado haujaonekana. Bati halivunjwi na kupindwa, Bwana DC. Linavunjwa na kurudishwa, tena na tena, na hili halijamaliza kusema.

Maombi

Tunaomba libaki mpaka mvua za vuli. Likipasuka, mabati ndugu zake wasivuke kwenda Rukuba. Likivumilia, tutaezeka tukiimba.

Na kama ni lazima lishuke, basi jioni ya leo ukae nasi pepo zinapopokezana. Kiti kipo, maandazi yapo. Upande ngazi wewe, upitishe ukucha wako penye misumari, kisha ushuke umwambie Twalib kama mjukuu wake atalala salama.

Mwenyezi Mungu akujalie usingizi mnono, na kila alalaye ng'ambo ya maji aamke chini ya paa lake.

Ni sisi,
Mafundi Bati wa Mwigobero,
Musoma, Agosti 1951