Namba Tisa Anayerudi Nyuma

Sikilizeni wanangu, na wewe Boróka binti yangu fungua dirisha, hii harufu ya dawa inanichefua. Nyumba ni ya mama yenu, mizabibu mtailima pamoja, na pálinka, ile pombe kali ya matunda iliyobaki, wapeni wachimba kaburi, hayo yamekwisha. Kinachonikosesha usingizi ni mechi ya kesho, kwa sababu tukifungwa na hawa wa ng'ambo ya mto timu inavunjwa, na kijiji hiki ambacho hata shule kimeshapoteza hakitakuwa na kitu cha kukutanisha watu isipokuwa mazishi.

Gellért, jezi namba tisa ni yako, sikunyang'anyi. Lakini kesho usiende kusimama katikati ya mabeki wao. Dömötör anakusubiri pale, na safari hii hatauacha mguu wako mzima. Namjua, nilimfundisha mimi kabla hajatuhama. Wewe rudi nyuma, karibu na viungo wetu, uombe mpira miguuni, naye atakufuata, maana hawezi kutulia bila mtu wa kumkaba. Akishatoka, nyuma yake patabaki wazi, na hapo ndipo Vince aingie kutoka pembeni, mbio, kabla pasi haijapigwa.

Usinune. Jana uliniuliza, "Kwa hiyo mimi niwe mtumishi wa huyu mtoto, baba?" Ndiyo, uwe! Winga anakimbia, namba kumi anaona njia, na tisa wa aina hii anawavuta maadui wamwandame yeye ili mwenzake afunge. Watamshangilia Vince, nawe utaumia moyo. Umia, lakini rudi nyuma. Na wewe Vince, ukimcheka kaka yako, radhi yangu huna.

Boróka, timu nakuachia wewe. Wakikubishia, watoe nje wote wawili.

Nipe maji kidogo... Basi. Sitafika kesho jioni, msidanganyane. Nikikata roho mechi ikiendelea, padri atapiga ile kengele ndogo ya wafu, na mtu asimsihi angoje. Uwanja mzima utajua ni mimi. Hata Dömötör atageuza shingo kutazama kanisani, maana nilimlea yule. Wote watakuwa wananitazama mimi. Gellért, hapo hapo toa pasi. Vince, usigeuke, mwanangu... Mungu awalindie miguu yenu... awape... usigeuke. Kimbia.