Mama Twende na Ukurasa Niliouruka

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, mpiga piano wa shule yetu ya muziki atafunga kifuniko cha piano ya ukumbini na kukabidhi ufunguo wa Chumba Namba Nne. Atakuwa ametumikia miaka arobaini na mmoja na miezi miwili. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Kwa hesabu yake mwenyewe bado yuko kwenye kibarua cha wiki mbili, kwa sababu barua iliyomleta hapa, ambayo karani wa masijala ameifukua kwenye jalada lake, inasema wazi kwamba anaajiriwa kwa siku kumi na nne kushika nafasi ya mpiga piano aliyevunjika kifundo cha mkono. Aliyevunjika hakurudi. Na hakuna aliyekumbuka kumwandikia yule binti wa miaka kumi na tisa kwamba wiki mbili zimekwisha.

Jina lake la kwenye jalada analijua karani huyo na labda mhasibu. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa shule, tunamwita Mama Twende. Neno lenyewe ni lake. Mtoto akipanda jukwaani siku ya onyesho, Mama humfuta viganja kwa leso, cha kushoto kwanza, humtazama usoni kidogo, kisha humwambia kwa sauti ya chini, "Haya, twende." Wengi tuliopita hapa tukiwa wadogo tumesahau tulipiga wimbo gani, wengine hata chombo tumekisahau, lakini ile "twende" bado imekaa sikioni.

Kwa wageni watakaokuwa nasi siku hiyo, niieleze kazi yake kidogo. Mtoto husimama mbele na fidla au filimbi yake, Mama hukaa nyuma yake kwenye piano na kumsindikiza. Inaonekana kazi nyepesi. Lakini mtoto mwenye hofu hapigi muziki, anaukimbia. Atarudia mstari mmoja mara tatu, ataruka minne, ataanza mwisho amalizie mwanzo. Kila alikokwenda, Mama Twende alikuwa tayari yuko huko anamsubiri, kana kwamba walikubaliana tangu asubuhi. Ukumbi ulipiga makofi, mzazi alifuta machozi, mtoto alishuka akiwa ameongezeka urefu. Maonyesho mia moja ishirini na mbili, watoto zaidi ya elfu mbili, na hajamwacha hata mmoja njiani.

Yupo msichana mmoja wa filimbi aliyepanda jukwaani akaanza kulia kabla ya noti ya kwanza. Mama alipiga utangulizi wake wa mistari minne, akaona machozi bado, akaupiga tena. Aliupiga mara kumi na moja, kila mara kwa namna yake, mara kwa upole, mara kwa madaha, mpaka yule mtoto akamaliza kulia, akapenga kamasi, akaingia mahali pake barabara. Mzazi mmoja alimfuata mkuu wa shule kumpongeza kwa kuchagua muziki mrefu na mzito namna ile. Msichana yule leo ndiye mwalimu wetu wa filimbi, na ndiye atakayekata utepe wa zawadi.

Usidhani lakini kwamba Mama ni mtu wa kubembeleza. Ulimi anao. Mimi nilipoletwa kwake nikiwa na miaka tisa, nimebana fidla kidevuni mpaka shingo imesimama kama ya kuku, alinizunguka mara moja akauliza, "Kijana, mbona umeibana kama kipimajoto? Ina homa?" Darasa zima lilicheka wiki nzima. Leo nafundisha fidla katika chumba cha jirani, nina upara na tumbo la kutosha watu wawili, na bado nikipita mlangoni kwake hunipigia kelele, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Naomba radhi kwamba wasifu huu sasa unageuka kidogo upande wa mwandishi wake. Kamati ya kumuaga Mama ilinipa kazi ya kuorodhesha vitu vya Chumba Namba Nne kabla ya makabidhiano, na huko ndiko nilikoumbuka.

Chumba hicho mnakijua. Dirisha moja linaloangalia uani, kabati lisilofungika, piano ya zamani ambayo noti moja ya chini imekufa tangu enzi za mkuu wa shule wa pili, na Mama hajawahi kuigusa wala kutufanya tuikose. Ndani ya kabati mna madaftari ya noti, rundo juu ya rundo. Nilifungua moja ili nihesabu kurasa, nikakuta ndege. Ndege wa penseli, mistari miwili tu, kama watoto wanavyomchora angani. Kwenye kila ukurasa walikuwa wawili, watatu, mahali pengine kundi zima, na kando ya kila mmoja herufi ya jina na tarehe. Nilimwuliza ni mapambo ya nini. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye viatu alivyokuwa akivifunga kwenye sanduku, "Hapo ndipo mtoto aliporuka. Ndege wa pili ndipo alipotua."

Nikacheka. Nikaanza kuwatafuta wenzangu kwa herufi zao, na niliwapata wengi, akiwemo mkuu wa shule wa sasa, ambaye kwa heshima ya cheo chake sitasema ana ndege wangapi. Halafu nikatafuta onyesho langu la kwanza, ili nimwonyeshe Mama kwamba pale hapana kitu.

Ndugu wasomaji, onyesho lile ndilo mtaji wangu. Kwa miaka ishirini na miwili nimewaambia wanafunzi wangu, kila mwaka, kila darasa, kwamba mwalimu wenu akiwa na miaka tisa alipiga kurasa tatu kwa kichwa, bila karatasi, bila kosa hata moja. Muziki wenyewe ulikuwa ukurasa wa kwanza wa haraka, wa pili wa polepole, wa tatu wa haraka tena, unaofanana sana na wa kwanza. Chini ya ukurasa wa kwanza nilikuta ndege, herufi yangu, tarehe yangu. Ndege wa pili alikuwa juu ya ukurasa wa tatu. Katikati, peupe. Ukurasa wa pili mzima sikuupiga.

Nikakaa chini. Kilichonikalisha hakikuwa aibu, maana aibu nimeizoea. Nilimkumbuka baba.

Baba alikuwa fundi cherehani, na mimi nilifanyia mazoezi dukani kwake, kati ya suruali zinazosubiri pindo. Cherehani ile haikunyamaza kwa ajili ya mteja wala ya mvua. Ilinyamaza mahali pamoja tu: nilipofika ukurasa wa polepole. Baba aliinua mguu kwenye pedali, akashika kitambaa hivyohivyo chini ya sindano, akasikiliza mpaka mwisho. Nikiingia ukurasa wa tatu, nayo inaanza. Siku ya onyesho alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo mama yangu alisema hakulifanya hata kwa ajili ya harusi yao, akanishonea shati lenye mkono wa kushoto mpana ili lisinibane, akakaa mstari wa tatu na kofia mapajani.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Na ule wa polepole, mwanangu?"

Nikamwambia nimeupiga.

"Mbona sikuusikia?"

Na mimi, mtu mzima wa miaka tisa, makofi bado yananiwasha masikioni, nikamjibu, "Baba, wewe unajua cherehani."

Alitembea kidogo. Kisha akasema, "Kweli. Labda nilisinzia."

Hakuuliza tena. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na mpaka siku ile kando ya kabati nilikuwa bado naamini kwamba alisinzia.

Nilimwambia Mama haya yote nikiwa nimekaa sakafuni na lile daftari. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. "Ungepanda tena jukwaani?" akauliza. Ndipo akasema jambo ambalo amelitunza miaka thelathini na minane. Jumatatu iliyofuata baba alikuja shuleni, akabisha mlango wa Chumba Namba Nne, akauliza kwa adabu kama kweli alisinzia. Mama hakuweza kumdanganya. Alimwonyesha wale ndege wawili, na baba akacheka mpaka akajifuta macho kwa futi yake ya kupimia. Kisha akasema, "Mwache, mwalimu. Ataurudia mwenyewe siku moja." Akawa anageuka aondoke. Mama akamwambia akae. Akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, akampigia ukurasa ule wa pili kwa piano peke yake, mkono wa kulia ukishika nafasi yangu.

"Kwa hiyo aliusikia," nikasema.

"Aliusikia kwa piano," akasema Mama Twende. "Kwa fidla bado."

Sasa mtaelewa kwa nini ratiba ya Ijumaa, baada ya hotuba na kabla ya keki, ina jambo la sita lililoandikwa kwa ufupi: "Fidla na piano, ukurasa mmoja." Kamati ilitaka kumpigia Mama kwaya nzima na tarumbeta sita. Nikamwendea mwenyewe nikamwomba. Mnajua kwamba vidole vyake vimestaafu kabla yake. Viwili vya mkono wa kulia vimekuwa vizito tangu mwaka jana, na ndiyo maana mwanafunzi wake wa zamani amekuwa akimsaidia kwenye nyimbo za kasi. Alivinyoosha mbele yangu akavitazama kama anavyotazama mtoto aliyechelewa darasani. "Za haraka siziwezi tena," akasema. "Lakini ule wa polepole bado tunaelewana." Nilimwuliza kama naruhusiwa kuweka karatasi mbele yangu safari hii. Akasema si kuruhusiwa tu, nimelazimishwa.

Nimekuwa nikiufanyia mazoezi stoo, kati ya stendi mbovu na ngoma zilizotoboka, ili wanafunzi wangu wasinisikie. Wamenisikia. Mmoja ameniuliza kama nina mtihani. Ni mistari kumi na sita tu, rahisi, mtoto wa mwaka wa pili anaweza. Kila nikiuanza nasubiri kitu, upinde unakawia mkononi, na ilinichukua siku kadhaa kujua nasubiri nini. Nasubiri cherehani inyamaze.

Mama, wenzako wa shule hii, walimu, makarani, wapishi na walinzi, pamoja na maelfu ya ndege wako waliotawanyika duniani, wengine madaktari, wengine madereva, wachache wanamuziki, tunakushukuru kwa wiki mbili hizi. Ulitufuata kila tulikopotea na hukumwambia mtu. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, vidole vitulie, wajukuu wakuzunguke, na usisikie tena skeli ya mazoezi ikipigwa vibaya ukutani kwa jirani. Hilo la mwisho naahidi kulishughulikia mimi binafsi. Madaftari ya ndege hayatatupwa. Yatabaki kabatini, na mpiga piano mpya ameshapewa penseli.

Ijumaa kiti cha dirishani tutakileta ukumbini, tukiweke mstari wa tatu, na hakuna atakayekikalia. Mimi nitakuwa jukwaani na shati langu, mikono yote miwili mipana siku hizi. Viganja vitakuwa vimelowa, najijua. Tafadhali usisahau leso. Cha kushoto kwanza, halafu unitazame kidogo, halafu uniambie lile neno.