Kiapo cha Mkono Wenye Ganzi

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetukusanya hapa kwangu Galbet tukiwa wazima. Mmeitwa kwenye dua ya shukrani kwa ajili ya mkono wangu wa kulia. Nasema Kiswahili kwa sababu ya majirani zetu walimu na maaskari. Shangazi yangu, Eeddo Halimo, amekaa ndani na wanawake, na binti yangu Sahra anamtafsiria kwa Kisomali. Sahra, usiruke neno! Nina jambo la kukiri.

Wengi mnanijua, mimi ni Dahir, dalali wa mifugo. Kwa wageni nieleze kidogo. Sokoni kwetu bei haitangazwi. Mnunuzi na dalali wanashikana mikono chini ya kitambaa, na bei inasemwa kwa vidole. Akishika vidole vitatu ni elfu tatu, akishika vinne ni elfu nne, na waliosimama karibu hawajui kitu. Dalali asiyesikia kwa vidole ni kama kiziwi mnadani.

Mwaka ule wa Elnino, mvua zikiwa bado, tulikuwa tunapakia ng'ombe kwenye lori. Bati lililochanika likanikata hapa, kwenye kifundo cha mkono. Nikashonwa, kidonda kikapona vizuri. Lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati vikabaki na ganzi. Mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika ndani, nami sikujua. Mzee mmoja akanichoma kwa chuma cha moto, dawa yetu sisi wafugaji. Ndugu zangu, nilisikia harufu ya nyama yangu ikiungua, maumivu sikusikia! Siku hiyo niliogopa kweli.

Nikafanya nini? Nikaficha! Nikaendelea kwenda sokoni, nausoma uso wa mnunuzi badala ya mkono wake, nakisia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilifichia mbele ya mamia ya watu kila siku ya soko.

Ndipo Eeddo, aliyekuwa amefiwa na mumewe, akaja kutoka Kotile na fahali wake, wa pekee aliyebakia baada ya ukame. Hakumpa dalali mwingine. Alinipa mimi, mtoto wa kaka yake. Mfanyabiashara mmoja wa Wajir akaingiza mkono chini ya kitambaa, akanishika. Nikasikia kidole cha pete na kidogo. Vingine je? Sikujua! Ningeweza kumwambia ashike tena, lakini dalali wa miaka yangu akiomba kurudiwa, soko zima litauliza ana nini. Nikamtazama usoni. Nikakisia. Nikatoka nikamwambia Eeddo, ni tatu.

Akaniangalia sana. "Dahir, tatu tu kwa fahali kama huyu?"

Nikajibu, "Wallahi, Eeddo, ametoa tatu."

Ndugu zangu, niliapa kwa jina la Mungu juu ya mkono usiosikia! Yeye akakubali, akaondoka na kile kidogo, akaniombea dua njiani. Wiki haikuisha, yule mfanyabiashara akaniambia kwenye chai, huku anacheka, kwamba alikuwa ameshika vinne na mimi nikampunguzia mwenyewe. Nikaiacha chai mezani, nikaondoka.

Nilikimbilia Nairobi hospitali kama mtu anayefukuzwa. Daktari mpasuaji akanieleza kwamba ncha mbili za mshipa zimeachana. Akasema ng'ambo wanajaribu kijibomba laini, ncha zinaingizwa huku na huku, mshipa unakua ndani yake. Yeye hakuwa nacho, na pengo langu lilikuwa refu. Akachukua kipande cha mshipa mguuni mwangu, akakishona mkononi kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mpaka leo ukingo wa mguu wangu wa kushoto hausikii kokoto.

"Mzee, usishangilie bado," akaniambia. "Nimekutengenezea njia tu. Mshipa wenyewe ndio utembee, unene wa ukucha kwa siku. Na unaweza kukataa."

Akanifundisha kujigonga taratibu kuanzia kwenye kovu kwenda kiganjani. Pale nitakaposikia kama umeme, ndipo mshipa umefika. Nikarudi nyumbani, mvua zikaja, barabara ikakatika, na kliniki ikawa haifikiki. Nilibaki mimi na Mungu na kugonga. Kila baada ya sala nagonga. Wiki kadhaa umeme haukuondoka kwenye kovu. Nikamwahidi Mola wangu kwamba akinirudishia vidole, kiapo kile nitakisema mbele za watu.

Basi ukaanza kusogea! Ukafika kiganjani, ukafika shina la kidole. Nami kila uliposogea nilifurahi na kuogopa pamoja, maana ahadi nayo ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja natia udhu, maji yakagusa kidole gumba. Baridi! Nikapiga kelele mpaka mke wangu akadhani ni nyoka. Kidole cha kati bado kizito, lakini kinasikia. Alhamdulillahi!

Ndugu zangu, mwenye ganzi, mwenye kidonda, asifiche. Nenda hospitali mapema, mtegemee Mungu, usione haya kusema hujui. Mimi haya yangu ilimwibia mjane.

Nilimuuliza sheikh kama nikifunga saumu inatosha. Akasema haki ya mja haifutwi na saumu, nenda kwa mwenyewe. Eeddo, ulikuwa hujui, leo umejua. Yule fahali mwekundu aliyefungwa nje, ambaye wageni walidhani ni wa kuchinjwa, ni wako. Lakini najua fahali hafuti kiapo. Kiapo ni wewe tu wa kunisamehe.

Sahra, umemaliza kumwambia? Amesemaje?

Jamani, chakula kiko tayari, naweni mikono, bismillahi, kuleni. Mimi nitakaa hapa mlangoni. Sinawi mpaka Eeddo ajibu.