Kaya Arobaini na Luhende

Sikilizeni, Hana mwanangu, na wewe Imakulata wa marehemu kaka yangu Luhende, sogeeni upande huu ninaosikia vizuri, maana habari za ule moto nazisema mimi niliyeona yote kwa macho yangu, siyo hao wa Mpanda mjini wanaosimulia kana kwamba walikuwepo. Shule niliiacha darasa la tano, na hasara waliipata walimu, ila hesabu ya siku ile nimeipiga miaka ishirini.

Moto ulikuja mchana, upepo ukiusukuma kwetu Sibwesa, na dawa ilikuwa moja tu, kuwasha mwingine mbele yake ukutane nao ukose cha kula. Kiberiti nilikuwa nacho mimi. Na humo msituni, Imakulata, baba yako alikuwa anarina asali. Sisi warina asali hatuwashi moto porini mpaka tuite mara tatu na kungoja. Nikaita mara tatu, kimya, nikawasha. Kaya arobaini zikapona, na wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako.

Mwalimu Dieudonne akanishika bega: “Nyanda, usilie. Jema ni lile linalofaa wengi. Umefaulu.” Kichwa kikanivimba, nikasimulia kila kilabu. Lakini bibi yenu, aliyetuzaa mimi na Luhende, aliniuliza neno moja tu: “Uliita?” Nikasema niliita. Akasema, “Basi, baba,” akaendelea kunipakulia chakula mpaka anakufa.

Mizinga yangu mia, haya, ni thelathini na saba, ichukue wewe, Imakulata. Shamba la bondeni ni lako, Hana, na usimzuie mwenzio kupita. Mimi nizikeni miguuni pa Luhende, msinilaze sambamba naye.

Nipe maji kidogo... Hesabu ya mwalimu haina kosa. Niite, nisiite, kaya zilizopona ni zilezile arobaini. Sasa mbona chakula cha mama kilikuwa hakipiti?

Mungu awatunze nyie wawili, awape watoto mtakaoweza kuwatazama usoni... Nishike mkono, Imakulata, au usinishike, vyote sawa. Mengine yote niliyosema ni kweli. Hilo moja nililitunga. Sikuita. Niliogopa ataitika.