Wasifu wa Bibi Sindano, Aliyekuwa Akisubiri Sehemu ya Nne

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Baba yake alilinda lango la kiwanda, mama yake alitia viraka magunia. Kabla hajajua kuandika jina lake, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kuulamba. Jina la Bibi Sindano alipewa kazini akiwa mtu mzima, lakini aliyelistahili ni yule mtoto.

Maneno haya ni ya mumewe. Binti yao ameyaandika na ndiye anayeyasoma, kwa kuwa mumewe hakupita shule. Palipo na pengo, lawama si ya binti.

Marehemu alianza shule Januari 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu zilimpiga chenga, ila kusoma alisoma kwa uroho. Mwalimu wake wa lugha alikuwa na kabati la vitabu vya zamani vya upelelezi, vile ambavyo tajiri anauawa ukurasa wa kumi na mpelelezi anakuja kuuliza watu maswali. Alivimaliza vyote. Mwaka 1963 akafika kwenye kimoja ambamo mzee alikutwa amekufa katika chumba kilichofungwa kwa ndani, na mpelelezi kiziwi wa sikio moja akaitwa. Pale mpelelezi alipowaita watu wa nyumba ile sebuleni ili amtaje muuaji, kitabu kikaisha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Alimwendea mwalimu amwambie mwisho wake. Mwalimu akakiri kwamba hakuwahi kukisoma; kabati lile alilirithi na vitabu vyake. Marehemu alikuwa akisema kwamba siku ile alilia kuliko siku aliyofeli hesabu.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali. Kilikuwa chini kabisa, kando ya chumba cha dobi, na kilikuwa na mashine sita na dirisha moja. Alishona mashuka, mapazia ya kutenga vitanda, na majoho ya kijani ya madaktari wa upasuaji. Aliweza kutazama mshono akasema umepigwa na nani kati ya wale washonaji sita, na kama mshonaji huyo asubuhi ile alikuwa amegombana na mtu nyumbani. Msimamizi wa dobi alimletea nguo ambazo wenyewe hawakujulikana. Aliangalia vifungo, akasema hii irudishe wadi ya wazazi, hii ni ya mpishi. Ni mara chache alikosea. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2004.

Mwaka 1971 mumewe, ambaye ni mwashi, alikuwa anajenga ukuta wa ua wa hospitali, mbele ya dirisha lile. Siku ya tatu marehemu alitoa kichwa nje akamwambia, "Fundi, ukuta wako umelala." Akamjibu kwamba hajaomba ushauri wa mashuka. Marehemu alirudi kwenye mashine yake. Alipoona hakuna anayemtazama, mwashi akateremsha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia ukuta. Ukuta ulikuwa umelala kwa upana wa kidole. Akabomoa kozi nne, yaani safu nne za matofali, akaanza upya. Jioni marehemu alipita akitoka kazini, akautazama, akasema, "Sasa umesimama," akaenda zake.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1972. Mume alimwita mkewe "Mama". Naye mke mpaka mwisho alimwita mumewe "fundi". Sauti ndiyo iliyokuonyesha kama ni sifa au ni kesi.

Katika ndoa yao kulikuwa na chumba kimoja ambacho mumewe hakuweza kuingia, nacho ni vitabu. Jioni mke alisoma, mume akakaa na mikono yake. Marehemu alijaribu kumsomea kwa sauti. Lakini mtu aliyeshinda juani akibeba matofali, ukimsomea, ni kama umembembeleza. Alikuwa anakoroma kabla mtu hajauawa.

Mwaka 1991 walinunua televisheni. Kumbe vile vitabu vya zamani vilikuwa vimetengenezewa michezo, na ilionyeshwa kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni. Waigizaji walisema lugha ya kwao, na maandishi ya lugha yetu yakapita chini ya picha. Mume hakuyajua. Basi mke akamsomea yote, kila mtu kwa sauti yake. Majaji wote walikuwa na sauti ya msimamizi wa dobi. Wajane wote walikuwa na sauti ya dada yake mkubwa, ambaye yuko hapa na anajua. Safari hii mume hakulala. Yeye aliangalia nyumba, mke aliangalia nguo. Mume alisema, "Ukuta ule ni mbao iliyopakwa rangi." Mke alisema, "Achana na ukuta, tazama mkono wa koti."

Marehemu alikuwa amevisoma vitabu vile, kwa hiyo wauaji aliwajua wote. Hakumtaja hata mmoja kabla ya wakati wake. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwenye kujua hasemi. Jirani yao kinyozi alipita mara moja, akasimama nyuma ya kiti, akasema aliyeua ni yule daktari. Marehemu aliinuka, akamfungulia mlango kwa heshima zote, akamtakia jioni njema. Kwa miezi miwili kinyozi akimsalimia ilikuwa kama anasalimia ukuta.

Oktoba ya mwaka ule ukafika mchezo wa kile kitabu kilichochanwa. Ulikuwa na sehemu nne. Walikuwapo daktari wa familia, mpwa mlevi, mpishi, na karani mpole aliyekuwa akimbebea mwavuli yule mzee aliyeuawa. Kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa hawajui. Jumamosi ya nne marehemu alivaa gauni lake la kutokea, humo humo sebuleni. Mpelelezi aliponyoosha kidole, marehemu aliacha kusoma. Mumewe akamuuliza amesema nini. Akauliza tena. Akajibiwa, "Subiri, fundi. Nimeingoja miaka ishirini na nane, niache niione kwanza."

Watoto walikua wakaenda zao, kama ilivyo. Mwaka 2015 binti aliwaletea mchezo ule kwenye diski nne. Marehemu alikataa kuzitazama kwa mpigo. Sehemu moja, Jumamosi moja, saa ile ile, na miaka iliyofuata walizirudia mara nyingi, mke akisoma.

Tarehe 6 Septemba 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, na macho yakawa hayashiki herufi. Mambo ya zamani aliyakumbuka, ya karibu yalimtoka. Kurasa zilizochanwa alizikumbuka vizuri. Aliyeua alimsahau. Wageni walikuja sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita walipiga simu. Wenzake wa chumba cha ushonaji wengine walikuwa wametangulia, wengine walikuwa wanauguzwa kama yeye. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na siku nyingine walikuwa mmoja na nusu.

Jumamosi moja mumewe akaweka diski ya kwanza. Maandishi yakaanza kupita, na sebule nzima haikuwa na wa kuyasoma. Marehemu akasema, "Herufi zinanikimbia. Soma wewe, fundi." Alikuwa amesahau kwamba mumewe hajui. Mume akafungua kinywa, na maneno yakatoka. Alikuwa ameyasikia kwa sauti ya mkewe mara nyingi mno, yalikuwa yamekaa kichwani kama wimbo. Alisoma bila kusoma. Majaji akawapa sauti ya msimamizi wa dobi, kwa kuwa hakujua nyingine.

Baadaye marehemu alimuuliza, "Umejifunza lini kusoma?"

"Siku zote najua. Uvivu tu."

"Miaka thelathini umenichosha koo bure," akasema, na alimnunia mpaka chai ilipokuwa tayari. Mumewe hakusahihisha jambo hilo. Ni mara yake ya kwanza kulisahihisha leo.

Waliendelea hivyo karibu miaka miwili. Sehemu ya nne ikiisha, Jumamosi inayofuata walianza ya kwanza, maana kwake ilikuwa mpya. Kila Jumamosi mume alimweleza upya walipoishia. Sasa aliyejua ni mume, na kanuni ikawa yake. Marehemu alikisia daktari, alikisia mpwa, mara moja alimkisia mpelelezi mwenyewe. Karani hakumkisia hata siku moja. Mpelelezi alipomtaja, alisema "Kumbe" kwa mshangao ule ule, na kabla ya kulala alikuwa amesahau.

Jumamosi ya tarehe 9 Machi mwaka huu, siku aliyotimiza miaka sabini na tano, walikuwa kwenye sehemu ya tatu. Katikati yake akasema, "Simamisha." Mume akabonyeza rimoti. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Kifungo cha pili cha koti la karani kimeshonwa kwa uzi mwingine. Kiling'oka, akakishona mwenyewe, na hajui kushona." Kisha akasema, "Ni yeye."

Mume hakutikisa hata unyusi. Mara zote zile kifungo hicho yeye hakuwahi kukiona.

Safari hii marehemu hakusahau. Jumapili alimuulizia karani. Jumatatu alimuulizia karani. Jumanne mwana wao alipopiga simu, aliambiwa habari za kifungo kabla ya salamu. Tangu augue, hakuna jambo alilolishika siku nne.

Jumatano jioni alisema, "Fundi, ni karani au si karani? Niambie tu nijue."

Mume akasema, "Mwenye kujua hasemi. Kanuni ni yako. Subiri Jumamosi."

"Haya, nitasubiri," akasema. "Lakini ni yeye."

Diski ya nne ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka kitandani. Mume angeweza kuiweka saa ile. Angeweza kutikisa kichwa tu, ingetosha. Hakufanya hivyo, na sababu isitafutwe mbali. Alitaka Jumamosi amtazame mkewe usoni wakati mpelelezi ananyoosha kidole, amwone anavyojua kwamba amepatia. Ilikuwa tamaa ya mume. Kanuni ilikuwa kisingizio.

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa mbili asubuhi, kiharusi kilimrudia. Mumewe alikuwa jikoni anachemsha maji. Aliporudi chumbani, marehemu alikuwa amekwisha kwenda. Daktari alisema haikuchukua muda na hakuteseka. Mumewe amelipokea neno hilo kama alivyopewa.

Jumamosi nyumba ilijaa. Ndugu walikuja, majirani walikuja, kinyozi alileta viti vyake vyote. Mumewe anawashukuru. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, mmoja alikuwa anamuuliza habari za gari, mwingine alikuwa anampa kikombe. Watu wapata arobaini, na aliyejua kwamba saa imefika alikuwa yeye peke yake. Alishika kikombe mpaka kikapoa.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mwalimu, na mwana mmoja ambaye ni fundi umeme. Ameacha mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajukuu watano, na dada yake mkubwa. Ameacha mashine ya kushonea, ambayo amepewa mjukuu wa pili kwa kuwa ndiye anayeweza kukaa kimya. Anazikwa leo Jumanne, tarehe 19 Machi, kando ya mama yake.

Mumewe ana deni la neno moja tangu Jumatano. Ameomba lichapwe hapa, na binti alisome kwa sauti, polepole, kama yeye alivyokuwa akisomewa.

Mama, ni karani. Ulipatia. Lala sasa, usingoje tena.