Fimbo ya Mbao na Ndoo ya Maji ya Moto

Ule mlio mnaousikia usiku wa manane, kwaru, kwaru, kisha maji, kisha kwaru tena, ni mimi, wanangu, si panya wala mwizi, ni mama yenu na mswaki wa zamani nasugua matope kwenye fimbo za gofu za watu, kwa sababu wenyewe wanazitaka asubuhi. Sasa nisikilizeni. Ndeshi, kaa hapa, mpakate Allen, Dismasi yuko njiani na bajaji na akifika nitaondoka hata kama sijamaliza. Damu imerudi leo. Daktari alisema kondo limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, ikitoka tena nisingoje, niende nipasuliwe, na mimi naogopa, sitawadanganya, nina miaka thelathini tu na naogopa.

Nisiporudi, mtakwenda kwa bibi yenu Usa River, na mtoto huyu akitoka mzima ni ndugu yenu, mtu asimwite aliyemuua mama yake, hilo nimekataza. Kitanda ni cha Allen. Cherehani ni yako, Ndeshi. Mama Nathanael wa nyumba ya pili, aliyesema kwenye jumuiya kwamba nakata vyuma vya wizi usiku, mwambieni nimeachilia, nimemnunia tangu Pasaka na nimechoka kununa, ila sufuria kubwa msimwazime, harudishi.

Kazi hii nayo ni yako ukiitaka, shule kwanza. Maji yawe ya vuguvugu, sabuni kidogo, unasugua ile mifereji ya kwenye uso wa chuma mpaka uone kila mstari, maji yasifike shingoni pale kichwa kinaposhikana na ufito, gundi italegea, mpini wa mpira unaupangusa tu, na ukimaliza unakausha palepale. Lakini yenye kichwa cha mbao usiitie majini kabisa. Kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, kisha nta kidogo, unang'arisha taratibu. Hiyo ya mbao ndiyo iliyonifanya niwaite. Ngojeni nivute pumzi.

Unamkumbuka Babu Koikai aliyekuwa akituletea mifuko ya fimbo. Alizibeba uwanjani miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyeniombea kazi hii baba yenu alipotuacha, akawaambia wachezaji kuna mama yuko Sekei ana mkono safi. Mwaka juzi, masika, akaleta mfuko wa mzee mmoja, na ndani mlikuwa na fimbo ya mbao ambayo yule mzee aliachiwa na marehemu baba yake. Allen alikuwa na homa, niko naye mgongoni, sijalala siku mbili, nikazitumbukiza zote kwenye ndoo ya maji ya moto kama mtu anavyoloweka nguo, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi mbao ilikuwa imevimba na kupasuka juu mpaka chini.

Babu akaja, akauliza, "Mama Ndeshi, hii imekuwaje?" Nikakumbuka jana yake alinyeshewa njiani. Nikasema, "Babu, ilifika imelowa." Maneno matatu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Basi ni mimi, mfuniko wa mfuko sikuufunga vizuri. Nisamehe, mama, nimekuletea balaa nyumbani kwako." Aliniomba radhi mimi, Ndeshi, na mimi nikamjibu, haina shida, babu.

Akaenda akajitaja kwa mwenye fimbo, wakubwa wa uwanja wakamwondoa kazini, akarudi Kikatiti kwa mbuzi zake. Nilimkuta sokoni mwaka jana, akaniambia mikono yake imezeeka, haiaminiki tena, siku hizi hata chupa ya chai anabebewa na wajukuu. Anaamini kabisa. Na ule mfuniko ulikuwa umefungwa vizuri, mwanangu, fimbo ilifika kavu kabisa. Nilinyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa kazi, mngekula nini, na kila mwezi nilisema mwezi ujao nitakwenda.

Nikirudi, nitakwenda mwenyewe. Nisiporudi, mkishanizika tu, panda gari mpaka Kikatiti, mpe shikamoo yake, umwambie mfuniko ulifungwa, fimbo ilikuwa kavu, ni ndoo ya mama. Usianze kulia, anza kusema. Nimeyaandika haya pia na kuweka sahihi, karatasi iko ndani ya Biblia, umkabidhi, akitaka kuwaonyesha waliomwondoa ni haki yake, hata kama jina langu litachafuka.

Nipe maji. Hapana, acha, daktari amekataza. Shika mkono wangu. Allen amelala, nigeuzie uso wake. Mungu awakuze, wanangu... awape ndugu yenu salama... awape ujasiri niliokosa mimi. Sauti haitoki, sogea. Aambiwe yeye kwanza, asisikie mitaani, kwa hiyo hata bibi yako usimwambie. Niahidi. Sema, nikusikie.

"Sitamwambia mtu mwingine, mama. Babu Koikai tu."