Marehemu Melkizedek Kasiani na Wazazi wa Bwawa la Chini

Baba Padre, wafiwa, na ninyi mliokuja kwa mguu kutoka Zombo, wakubwa shikamooni, tuketi tumsikilize marehemu kwa mara ya mwisho, maana mwenyewe hakupenda kukatizwa.

Melkizedek Kasiani alizaliwa Zombo tarehe 14 Juni 1948, akamaliza darasa la nane Kilosa mwaka 1964, akaajiriwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge Kimamba tarehe 2 Januari 1967, akafunga ndoa na Costancia tarehe 8 Agosti 1970, wakajaliwa Marciana na Obed, akatumika hadi Machi 1993, shamba lilipouzwa, wanunuzi wakachukua mitambo wakamwacha fundi.

Akahamia Mikumi akiwa amechoka, akachimba mabwawa mawili ya perege, nao wakatoka vidonda, wakaelea matumbo juu, na dawa za madukani, ambazo miaka hiyo ziliingia za kila rangi, hazikufua dafu, mpaka Bwana Samaki wa wilaya alipomshauri achanganye pumba na kitunguu saumu na majani makavu ya mlonge, si kwa kuwaponya wagonjwa, bali kuwapa wazima kinga kabla maradhi hayajapiga hodi. Mama Marciana akapoteza kinu chake, chai ikanuka saumu, na kanisani benchi lao likawa na nafasi kuliko yote, lakini vifo vikapungua.

Perege waliostahimili akawaweka bwawa la chini wawe wazazi wa vifaranga. Tarehe 19 Mei 1997 mama yake alifariki, na waombolezaji, wengine mko hapa, kwa ile desturi ya kutomsumbua mfiwa na mambo ya jikoni, wakavuta nyavu bila kuuliza, wakawala wazazi wote kwa wali, kisha wakamsifia utamu. Hakufoka, alikaa chini, halafu akaanza upya, ikamchukua miaka miwili.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2001, akalazwa Kilosa, akafariki Jumapili tarehe 3 Februari 2002, saa nne asubuhi. Kabla hajakata roho mkewe alimuuliza habari ya nyumba, akajibu kwa shida:

"Mama Marciana, nyumba itajisimamia. Msibani wape watu maharage."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Samaki, wenzake wa Kimamba, na majirani mliotwanga saumu kwa zamu tangu Jumapili, nyavu zikiwa zimefungiwa chumbani kwa Obed.

Chakula ni maharage. Pumzika kwa amani, Melkizedek, wazazi wa bwawa la chini wamekula asubuhi hii, na hakuna aliyewala.